Samaki wa Julai: kumla au kumrudisha mtoni?

Wiki iliyopita ofisini, hapa Nairobi, mwenzangu aliniuliza swali ambalo sisi wapenda ndoano tumelizoea: “Yaani unachoma mafuta mpaka Lari, kule juu Kiambu, baridi inakupiga siku nzima, unamshika samaki, halafu unamwachia aende zake?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Swali lenyewe halina ubaya. Ila kila linapoulizwa, jibu huwa limeshawekwa mezani kabla hujafungua mdomo: huo ni mchezo wa wazungu, na wa Waafrika wachache waliorithi tabia zao.

Wanaosema hivyo hawakosi hoja. Trauti, samaki wa maji baridi tunayemfuata huko, si samaki wetu. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye anayetajwa kumleta kutoka Uskoti mwaka 1905 na kumtia katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua (Aberdare), ili walowezi wapate cha kuvua kama kwao. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka yule wa kahawia na yule wa upinde wa mvua, wote wawili, katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ukikumbuka jinsi ardhi ya nyanda za juu ilivyogawanywa enzi hizo, utaelewa kwa nini mkazi wa bonde akiambiwa “hapa ni nzi wa bandia tu, nyungunyungu marufuku”, yaani uvue kwa ndoano iliyofungwa unyoya ifanane na mdudu wala si kwa chambo halisi, anasikia sauti ya zamani.

Na ipo hoja ya chakula. Zamani ungesema Mkikuyu hali samaki, kesi ikafungwa. Leo haisemeki. Tangu mpango wa serikali wa mabwawa ya samaki wa mwaka 2009, vifaranga vimefika vijiji ambako mababu hawakumgusa samaki kabisa, na watoto wa huko sasa wanagombania mkia. Kumwambia kijana mwenye njaa kwamba kitoweo kinachopita mbele yake ni cha kupigwa picha tu, hiyo ni kauli nzito.

Lakini hili la “mchezo wa wageni” linanikera, kwa sababu linafuta watu wa hapa hapa mjini. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoifungia dunia nzi hao wa bandia, kazi iliyoanza tangu enzi za ukoloni. Katika vyumba vya kazi vya Nairobi na viunga vyake, kinamama huketi mbele ya jiliwa dogo, ndoano imebanwa, wakizungusha uzi na unyoya wa jogoo mpaka kitokee kidudu ambacho samaki ataapa kimetoka majini. Mali hiyo huenda Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Montana anayeingia mtoni mwezi Januari, theluji imefunika kingo na barafu inaziba vipete vya ufito wake, mara nyingi hatumii nzi mkubwa. Majira hayo wanaoruka huko ni visubi hasa, basi naye hufunga ndoano namba 20 au 22, kitu kinachokaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho na nafasi ikabaki. Huenda kilifungwa na mama anayegombania matatu nawe jioni. Yeye hajawahi kuona theluji, wala pengine hajawahi kumwona trauti akimeza kazi ya mikono yake. Sasa huo ni mchezo wa nani?

Turudi Lari. Mto Gatamaiyu unateremka kutoka msitu wa Kereita hadi kwenye majani ya chai. Julai huko si mwezi wa kuupenda. Ukungu wa Kimende hukulazimisha kuwasha taa za gari saa tatu asubuhi. Chai nayo hulala kwa baridi, wachumaji wakarudi na vikapu vyepesi, na bonasi ya chai haijafika. Hiyo ni habari ya Septemba au Oktoba. Deni la dukani linaandikwa ukurasa wa pili. Wakati huohuo mvua za masika zimekwisha, mto umetulia, maji yamekuwa kioo na trauti anaonekana akiwa amesimama nyuma ya jiwe. Basi kijana asiye na kibarua afanye nini? Anachimba nyungunyungu.

Simwiti jangili. Ila naiona hasara ambayo yeye haioni, na inaanzia kwenye chambo. Nyungunyungu ni chakula kweli. Samaki humeza, ndoano ikaenda mpaka kooni au tumboni, na hata ukimhurumia ukamwachia, umemwachia maiti. Nzi wa bandia ni unyoya na uzi. Samaki hugundua udanganyifu mara moja, na ndoano mara nyingi humnasa mdomoni tu. Ndiyo sababu amri ya kurudisha huja pamoja na amri ya nzi. Watu huziona kama madaha mawili ya matajiri, kumbe ni jambo moja.

Baridi nayo huingia hapo. Maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni karibu robo zaidi ya maji ya nyuzi 20, na trauti aliyechoka kwa kupambana na mshipi anaihitaji oksijeni hiyo upesi. Akishikwa Februari jua likiwaka, huenda akaelea saa moja baadaye. Akishikwa Julai, kwa mkono uliolowekwa kwanza majini, bila kuinuliwa hewani kwa ajili ya picha tatu tatu, ana nafasi nzuri ya kuishi. Yaani mwezi uleule ambao mifuko ya bonde ni mitupu ndio mwezi ambao samaki mmoja anaweza kushikwa leo, akashikwa tena wiki mbili baadaye na mtu mwingine, na kila mmoja wao akalipa kibali cha kuvua, akamlipa wa kumwonyesha njia, akanywa chai kibandani na kuondoka na gunia la viazi la Soko Mjinga. Aliyekaangwa ni mlo mmoja, tena mdogo, maana mito hii ya juu ina chakula haba na trauti wake hawanenepi.

Wapo wanaosema adui wa samaki si nyungunyungu, ni udongo unaoporomoka kutoka mashambani. Sawa kabisa. Mayai ya trauti hukaa mwezi mzima au zaidi ndani ya changarawe kabla ya kuanguliwa, na tope la siku moja linaweza kuyaziba pumzi. Ila hiyo ni sababu ya kuwatunza wachache waliopona.

Panaponishinda kuwatetea wenzangu wa ndoano ni kwenye pesa. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, iliwapa wakazi njia ya kuunda vyama na kushiriki kusimamia msitu. Kushiriki bila fungu la pesa za kibali ni kulinda mali ya mtu mwingine bure. Mgeni anayedai mto ufungwe kwa nzi tu, lakini hakai kwenye mkutano wa chama kuuliza pesa za kibali chake zimekwenda wapi, anastahili kuchekwa kule ofisini. Mimi ningeacha sehemu ya juu, ndani ya msitu, iwe ya nzi na ya kurudisha, bila mjadala. Kule chini kwenye chai ningewaachia wakazi wavue kwa chambo wakitakacho na wale, idadi wakubaliane wao wenyewe. Na kazi ya kuongoza wageni ingeanza na haohao vijana wa nyungunyungu, kwani hakuna mwanachama wa klabu yoyote Nairobi anayeujua mto kuwashinda.

Nina ushahidi wa hilo. Mwaka jana kijana mmoja alinionyesha jiwe refu chini ya mti ulioinama. “Mzee, yuko hapo, mkubwa,” akasema, akakaa kwenye nyasi kunitazama. Nilirusha nzi asubuhi yote, nikabadilisha watano, vidole vikafa ganzi. Hakuna kilichogusa. Saa kumi nikipita kibandani nikaagiza chai ya tangawizi, nikasikia mafuta yakichacharika nyuma ya pazia. Kijana akachungulia, akaniuliza kama ningependa kipande.

Nilikula. Alikuwa mtamu, na nililipa.