Kichwa Changu Kwenye Mlima wa Watu

Wale mnaojenga reli za modeli nyumbani mnalijua lile shimo. Meza ikishakuwa pana kuliko urefu wa mkono wako basi katikati hufiki tena, na treni nazo zina tabia ya kuharibikia palepale usipofika, kwa hiyo mjenzi mwenye akili anaacha tundu mahali, analifunika na kijiji au kilima kinachonyanyuka, siku ya matatizo anatambaa chini ya meza anaibukia katikati ya nchi yake. Kwenye karatasi ni wazo safi sana. Shida ni kwamba shimo linapimwa mara moja tu, siku meza inajengwa, na mwenye meza yeye anaendelea kunenepa.

Jamaa yangu huyu tulikuwa tunajuana kwa simu tu, tunatumiana picha za mabehewa usiku wa manane wenye akili zao wamelala, mpaka siku akasema aisee njoo uione kwa macho, na uje na injini yako ikimbie kwangu. Sasa mtu wa treni akikwambia uje na injini yako hiyo ni heshima, wengine hata kukuonyesha swichi hawataki. Nikaifunga yangu kwenye sponji, mpya kabisa, dizeli ya kijani, nikaibeba mapajani njia nzima.

Chumba kizima ni treni. HO, ile ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, reli zenye upana wa milimita 16.5, ambapo mtu mzima anakuwa na sentimita 2 hivi na ukimwangusha chini ndo basi, utamtafuta kwa magoti. Jamaa anaiota Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani, yale maonyesho makubwa ya reli za modeli yaliyofunguliwa 2001 ambayo nayo ni HO, sema wenzake wamepewa jengo yeye kapewa chumba cha wageni. Lakini kapatendea haki, lazima nimpe maua yake. Njia mbili zinazunguka meza yote, ya nje inapita ekspresi ya mvuke inayotoa moshi wa kweli (kuna kimafuta unadondoshea kwenye bomba, kinachemshwa na kijiwaya ndani, kinafuka), ya ndani ni ya mizigo. Kuna stesheni yenye taa, abiria, stesheni masta mwenye bendera nyekundu, na kwenye kona mlima mkubwa wa povu uliopakwa plasta, njia zote mbili zinaingia tumboni mwake, na humo ndani kajificha na reli moja ya kuegesha ambayo mgeni huioni.

Mbele ya stesheni akanishika bega. "Kaka, hapa usipumue kwa nguvu."

Kumbe ndo katoka kumwaga kokoto. Asiyejua hii kazi haelewi kwa nini mtu mzima anaweza kulia sababu ya kokoto. Ni punje ndogondogo za mawe, unazimwaga kwa kijiko cha chai kati ya taruma na taruma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli), afu kwa brashi ya rangi unazisukuma, unagonga reli kwa kidole taratibu zishuke, punje ikibaki juu ya taruma unaiondoa kwa ncha ya brashi, moja moja. Ukimaliza hapo bado hazijashikana na chochote, ziko tu zinakaa kwa hisani. Ndo unanyunyiza maji yenye tone la sabuni, halafu unadondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa bomba la sindano, unaacha ikauke. Yeye alikuwa kafika nusu ya kwanza. Stesheni nzima, njia zote mbili, kavu. Nikapita pale kwa vidole vya miguu nimebana pumzi.

Ikaja zamu ya injini yangu. Kwa wasiojua, kwenye mfumo wa dijitali, hii tunaita DCC, umeme uko relini muda wote na kila injini ina dekoda ndani, kijisakiti kinachopokea amri, yenye namba yake, ukitaka kuiendesha unaita namba. Injini mpya ikitoka dukani kwa kawaida inakuja na namba 3, zote, dunia nzima, mpaka wewe mwenyewe uibadilishe. Yangu ilikuwa bado 3. Nikamuuliza, kaka hapa kwako hakuna 3 nyingine? Akacheka kabisa. Zangu zote nilishabadilisha zamani, we iweke tu.

Nikaiweka, akaita 3, akafungua mwendo. Injini ikaondoka kwa adabu zote, ikapita stesheni, ikaingia mlimani.

Tukasikia *ta!*

Ndani ya mlima, kwenye ile reli ya maficho, kulikuwa na dizeli nyingine aliyoinunua akaiegesha akaisahau. Namba 3. Wakati sisi tunashangilia huku nje, na yenyewe ilisikia inaitwa, ikaitika, ikatoka maegesho ikakanyaga pointi, ile sehemu reli zinapogawanyika, isiyofunguliwa kwa ajili yake, ikaja kukutana na yangu uso kwa uso gizani. Jamaa akabaki anaangalia tundu la tuneli. Akasema, "Mh, hiyo itakuwa ile nyekundu."

Sasa nani aingie. Tukaangaliana. Mimi nikaangalia tumbo lake, na yeye akaliangalia, likatoa jibu lenyewe.

Chini ya meza huko ni dunia nyingine. Waya kuu mbili nene, nyekundu na nyeusi, zinazunguka meza nzima, na kila baada ya hatua moja waya nyembamba zinapanda kwenda relini, afu mota za pointi zinaning'inia na vijiti vyao, na skru ambazo zimetokeza ncha maana mwenyewe kanunua ndefu. Nikatambaa kwa mgongo, nikaliona shimo, yeye huku juu akanyanyua kilele cha mlima akakiweka pembeni, nikajipenyeza. Mkono wa kulia kwanza, halafu kichwa, bega moja, basi. Bega la pili halikuwa kwenye mahesabu ya shimo lile.

Lakini injini nikazipata. Zilikuwa zimegongana kwa ustaarabu kweli, zile ndoano zao za mbele zimeshikana kabisa, zimekuwa treni moja. Nikazinyanyua juu kwa mkono mmoja, jamaa akapiga picha. Nikamwambia haya nashuka. Sishuki. Tisheti kwa chini imenasa kwenye moja ya zile skru, na nikivuta nasikia meza inavutika na waya zinasema kitu.

"Usivute! Usivute bana, utang'oa umeme wote. Subiri nilete tochi na plaizi."

"Zima basi hiyo ekspresi."

"Iache, inapendeza." Huyo akatoka.

Korido simu yake ikaita. Nikasikia, "Ee kaka... pointi? Ya kushoto au ya kulia?" nikajua mimi nimeshakwisha. Mtu wa treni ukimuuliza swali la pointi utapata jibu, na la mwaka juzi, na la ndugu yake.

Basi nikabaki pale nimeibuka kwenye mlima. Kichwa cha mtu mzima, kidevu mpaka utosi, ni kama sentimita 23, piga mara 87 unapata mita 20, yaani kwa wale abiria kule stesheni ghafla limeota jengo la ghorofa sita lenye ndevu na linatoka jasho. Mkono wangu wa kulia uko hewani na injini mbili, na pa kuziweka hapapo, kushoto ni msitu wa miti ya waya, kulia kuna zile kokoto. Mkono wa kushoto uko chini ya ardhi. Na kwa kuwa kilele kimeondolewa, ekspresi ikiingia mlimani haipiti gizani tena, inapita mbele ya pua yangu, shibiri moja, inafuka moshi. Inaenda zake. Inazunguka. Inarudi.

Mwendo wake ulikuwa sawa na wa kilomita 80 kwa saa kwenye treni kubwa, ambao ukigawa kwa 87 ni kama sentimita 25 kwa sekunde, polepole kiasi kwamba unaona kila behewa, unaona hadi yule mama wa plastiki dirishani anakuangalia kwa dharau.

Jasho likafanya kazi yake. Miwani ikateleza, ikakaa kwenye ncha ya pua, nikajaribu kuipandisha kwa kukunja uso, ikaanguka. Fremu ya chuma. Ikatua katikati ya reli mbili za njia ya nje, sehemu moja huku sehemu nyingine kule, shoti. Taa za stesheni zikazima, kontrola kwa mbali ikaanza *piii*, ekspresi ikasimama hukoo nyuma ya kijiji. Aisee raha niliyoipata. Kimya, hakuna moshi. Ila bila miwani mimi sioni kitu, nikainamisha shingo niitafute, kidevu kikafika juu ya reli, nikaona bora nipumzike hapohapo.

Hapo ndo akaja paka.

Sikuambiwa kuna paka. Nikaona kitu kikubwa cha rangi ya chungwa kinapanda kutoka upande wa kijiji, kikavuka daraja, kikakanyaga soko lote, kikaja kukaa mbele yangu. Tukaangaliana. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Toka." Akaangalia miwani. Nikamwambia, "We, hapana." Akaichokonoa kwa mkono mmoja, ikasogea kidogo, ikampendeza. Akaingiza meno kwenye mguu wa miwani, akainyanyua, akaondoka nayo.

Mfumo wa dijitali una uaminifu mmoja wa ajabu. Ukipata shoti unakata umeme, lakini unajaribu tena kila baada ya muda mfupi, na ukikuta shoti imeondoka unarudisha kila kitu palepale, na injini iliyokuwa imeambiwa iende inaendelea kwenda, maana hakuna aliyeiambia isimame. Taa zikawaka. Kontrola ikanyamaza. Kutoka nyuma ya kijiji nikasikia chu-chu-chu-chu.

Nikavuta shingo juu, kola ikagoma. Nikajaribu kushuka, skru ikagoma. Nikafanya kitu pekee kilichobaki, nikageuza uso. Ekspresi ikaja ikanigota shavuni, ikasimama, matairi yanazunguka yenyewe, na bomba la moshi likawa limekaa sawasawa chini ya tundu la pua, linapuliza. Ule moshi wa mafuta ya moto una harufu yake. Ongeza manyoya ya paka aliyetoka kupita. Nikaanza kuisikia ile kitu inakuja, nikakunja macho, nikabana midomo, nikawaza mambo ya huzuni, nikakumbuka "hapa usipumue kwa nguvu".

Chafya niliyopiga sijawahi kupiga tena.

Kokoto zilipaa. Zilinyanyuka zote kwa pamoja, stesheni ikapotea, nikasikia zinanyesha kwenye mabati, kwenye dirisha, chini sakafuni, na nyasi bandia ambazo nazo zilikuwa hazijakauka vizuri zikanirudia mimi usoni. Abiria walilala chali wote. Ekspresi ilitoka relini kwa heshima, behewa baada ya behewa, ikalala ubavu msituni.

Mlango ukafunguliwa. Sio jamaa. Ni mke wake, ambaye alikuwa anarudi na hakuambiwa kwamba leo kuna mgeni. Anachokiona ni kichwa cha mwanaume asiyemjua juu ya mlima, kijani uso mzima, mkono mmoja umeinua injini mbili juu, moshi unafuka pembeni, na paka wake amekaa kwenye paa la stesheni kashika miwani.

Nikasema, "Habari za saa hizi, shemeji."

Alisimama pale muda. Halafu bila kugeuka akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba nanii, huku kuna mtu ameota."

Jamaa akaingia na simu bado sikioni. Nilitegemea aniangalie mimi. Alipita mbele yangu akaenda moja kwa moja kwenye kokoto, akainama, akachukua punje moja kwa kidole akaitazama, kisha akamwambia aliyeko kwenye simu, "Kaka nitakupigia." Shemeji ndo aliyeniokoa. Akaingia chini ya meza na mkasi, akakata tisheti kuanzia mgongoni mpaka kwapani huku akiongea maneno ambayo yalikuwa ya mume wake lakini niliyapokea mimi kwa niaba. Nikateleza chini, mzima, tisheti kipande kimoja kikabaki kinaning'inia kwenye skru, na sidhani kama ameshakitoa.

Injini yangu haikupata hata mkwaruzo, hiyo niseme. Jioni yote tulikaa sakafuni watatu na brashi na karatasi, tunakusanya kokoto, shemeji anauliza hizi za kijivu na hizi za kahawia mnazitofautisha za nini, na sisi tunaanza kumweleza wote wawili kwa mpigo mpaka akajuta.

Usiku wake nimefika kwangu nakuta meseji. Amehesabu watu wake. Anasema wote wameonekana isipokuwa stesheni masta, na ametoa hadi mfuko wa vakyumu klina akaupepeta. Nikaoga, nikatikisa nywele, hamna. Nikaja kumpata kesho yake asubuhi ndani ya sikio la kushoto, na bendera yake nyekundu juu.

Jamaa anataka nimrudishe mwenyewe kwa mkono, hataki kwenye bahasha, anasema atavunjika. Nimemjibu hiyo safari siioni karibuni. Na kusema ukweli hapa kwangu nilikuwa na stesheni haina mtu, nimempaka tone la gundi chini ya viatu, ameshaanza kazi.