Mkijenga, acheni nafasi ya baraza

Watu wa nyumbani wakinipigia simu huanza na chakula. Nala nini huku Birmingham, Uingereza, mbaazi napata, nazi napata? Napata. Mtaa wa Small Heath ninapoishi, maduka yamejaa: mbaazi za mkebe, tui la mkebe, muhogo wa kugandishwa, iliki, bizari. Jumapili nakanda mahamri na nyumba nzima inanukia. Chakula hakinisumbui. Kinachonisumbua ni pa kukaa.

Nasema baraza, ile ya mawe ya kukalia, iliyoshikana na ukuta, kulia na kushoto mwa mlango. Bibi yangu aliishi Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Barazani ndipo alipouzia viazi karai na bhajia jioni, na kwa pesa hizo akawasomesha mamangu na wajomba zangu. Akiwa pale na karai lake alijua mtoto wa nani hajaenda chuoni kusoma Kurani, mzee gani hajaonekana msikitini tangu juzi, nani amepata mkwe. Usiku wanaume walikuja na dhumna zao, muuza kahawa akapita na dele lake akigonga vikombe, na haluwa ikatoka kwa aliyekuwa nayo. Msiba ukitokea, watu hujaa hapo hapo bila kualikwa. Mgeni asiyetaka kuingia ndani haingii, na bado amekaribishwa. Sijaona popote jengo dogo kama hilo likifanya kazi nyingi namna hiyo.

Sitaki kumdanganya mtu kuhusu huku. Maji hayakatiki, na mamangu Mombasa bado anangojea mkokoteni wa mitungi. Wanangu huazima vitabu maktaba bila kulipa. Jirani yangu, mama mzee anayeishi peke yake, muuguzi humfuata mpaka kwake. Haya yote naitakia Mombasa kwa moyo wangu wote.

Lakini ukimtoa muuguzi, huyo mama sioni nani hupita kumjulia hali. Nilimpelekea sahani ya pilau siku ya Idi. Kesho yake sahani ikarudi, imeoshwa inang'aa, na kikadi cha shukrani juu yake. Alifanya hivyo kwa adabu na nilifurahi. Ila kwetu sahani hairudi tupu. Inarudi na vitumbua, nawe unairudisha na kitu, na hivyo hivyo mlango na mlango haviachani. Pale mambo yalikwisha kwa kikadi.

Kiangazi kimoja nilitoa kiti nikakiweka mbele ya mlango wangu, nikakaa na chai. Mpita njia wa kwanza akaniuliza kama nimefungiwa nje. Wa pili akaniuliza kama ninaumwa. Waliniuliza kwa wema kabisa. Mtu kukaa tu mbele ya nyumba yake, katika mtaa ule, ni dalili kwamba kuna jambo limeharibika. Wasomali wana mikahawa yao hapa, wanaume hukutana humo na chai ya maziwa, nami nawaonea raha. Lakini huko unanunua ndipo ukae.

Jua nalo lina sehemu yake. Disemba, Birmingham, jua huzama kabla ya saa kumi za jioni; Juni huzama saa tatu u nusu usiku. Mombasa tuko karibu na ikweta, maghribi ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima. Ndiyo sababu watu wa kwetu hawahitaji kuwekeana miadi. Ukishaswali alasiri, jua likapoa na upepo ukaanza kutoka baharini, unajua utamkuta nani na wapi. Huku kumwona rafiki yangu anayeishi mitaa miwili kutoka kwangu ni ujumbe wa simu, kalenda, na wiki mbili za kungoja.

Sasa kila nikirudi nyumbani naona tunaelekea kule kule. Nyumba za Majengo zinavunjwa moja baada ya moja, na mtaa wa Tudor ni hivyo hivyo. Sichukii ghorofa. Kiwanja ni ghali, familia zimekua, vyumba sita haviwatoshi wajukuu. Ninachokichukia ni ramani: maduka mpaka ukingoni mwa barabara, geti la chuma, askari, ngazi nyembamba ambayo watu wawili hawapishani vizuri. Aliyehamia ghorofa ya nne hana pa kumweka jirani isipokuwa sebuleni, na sebuleni ni lazima ufagie kwanza, upike, upange. Hivyo hivyo ndivyo watu wanavyoanza kutembeleana kwa miadi. Nimeishi mwisho wa njia hiyo, kwa hiyo nawaambia mapema.

Hili limefika kwetu pia. Kiwanja cha bibi tunakijenga sisi ndugu, kila mmoja anachangia. Ramani ya kwanza ilikuwa na maduka matano chini na hakuna hata pa kuegemea. Nilisema duka moja liondolewe, upande ule uwe baraza. Kaka yangu akanijibu kwamba duka ni kodi, na kodi ni dawa za mama. Ana haki, na hoja yake ni nzito. Nilimwambia kodi ya duka hilo nitaitoa mimi kila mwezi maadamu nina kazi, na dada yetu wa Likoni akasema atanisaidia.

Ramani imerudi kwa mchoraji. Nimeomba baraza isiwe juu sana, maana magoti ya mama yanamsumbua, na mbele paezekwe bati, mvua za masika zisimfukuze.