Msiidharau sikukuu ya pilau

Kila Idi hapa Mwanza hukosi kusikia nasaha ile ile: Idi si nguo mpya wala pilau, Idi ni ucha Mungu. Naiheshimu, ila siikubali yote, na sababu nilitoka nayo Aberdeen.

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Kule kaskazini mwa Scotland, Juni jua linazama saa nne usiku, na saa kumi na robo alfajiri limeshachomoza. Sisi tumezoea futari ya karibu saa moja, iwe Januari iwe Juni. Nilifunga hivyo hivyo. Kuswali niliswali, tena kwa utulivu kuliko nyumbani, maana hakuna wa kukupigia soga. Idi ndiyo sikuipata. Kule si siku ya mapumziko, unaomba likizo, na msimamizi anataka tarehe. Haya, mwambie ni Jumanne au Jumatano, tunausubiri mwezi! Nikaswali asubuhi, nikabadili kanzu chooni, nikaingia kazini. Mchana nikala mkate na jibini peke yangu.

Imani nilikuwa nayo. Nilichokosa ni purukushani: watoto kudai mkono wa Idi, sahani ya pilau iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kachumbari kwenye kimfuko pembeni, na mtoto anayetumwa akiambiwa, "Ukimwaga utanitambua."

Na dini yenyewe inasemaje? Zakatul-fitri ni chakula, na inatakiwa itoke kabla ya swala ya Idi ili asiye nacho naye ale siku hiyo. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Sasa pilau inaitwaje jambo la kidunia?

Tena huku kwetu sahani haziishii kwa Waislamu. Igogo nilikokulia, nyingi zinakwenda kwa Wakatoliki na Wasabato, na Krismasi zinarudi zimejaa, kuku amechinjwa na baba yangu kwa kuombwa, ili tule wote. Anayeliona hilo dogo akumbuke 2013, ugomvi wa nani achinje ulipotoa roho ya mchungaji Buseresere, mkoani Geita. Mwaka ule hata mtaani kwetu watu waliangaliana kwa wasiwasi. Idi ilipofika, mama akapeleka sahani zake kama kawaida, zikaliwa. Krismasi jirani akaja na jogoo wake mkononi, akauliza mzee yuko wapi.