Nusu Saa ya Shirika la Ndege

Kuna watu wanalipwa mshahara kukaa ofisini na kutunga meseji ya "mpendwa abiria, ndege yako itachelewa kwa dakika 30, tunaomba radhi kwa usumbufu". Meseji ya kwanza sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ya pili, ya tatu, na ile inayoingia adhuhuri watu wanatoka kuswali, bado inasema dakika 30, na bado inaniita mpendwa.

Juzi shangazi yangu alikuwa anatoka Mwanza. Tiketi inasema ndege inaruka saa tatu asubuhi, saa nne na nusu yuko Dar, saa sita na nusu yuko kwenye boti anakwenda Unguja kwa binti yake aliyejifungua. Mkononi pochi, kwenye mizigo boksi la sato lililojazwa barafu na kuzungushiwa solotepu mpaka maandishi ya boksi hayasomeki. Ndiyo, anapeleka samaki Unguja. Nilipomuuliza akaniambia samaki wa baharini hawana ladha, na mzazi hawezi kunyweshwa supu ya changu wakati sato wapo. Sikuendelea. Shangazi habishaniwi.

Saa tatu na nusu nampigia.

"Shikamoo shangazi, mmeshapanda?"

"Marahaba mwanangu. Bado, wametuambia nusu saa."

Saa nne na robo nampigia tena.

"Bado nusu saa."

"Ile ile?"

"Hapana, hii nyingine."

Sasa hapa ndipo damu ilipoanza kunichemka. Mimi nilikuwa nimeshafika uwanja wa Dar, nimesimama mbele ya skrini. Ndege inayomleta shangazi ni ile ile inayotoka Dar asubuhi, inashusha watu Mwanza, inapakia wengine, inarudi. Na skrini iliyokuwa mbele yangu ilionyesha wazi kwamba ile ya kwenda Mwanza haijaondoka. Ipo hapa hapa! Abiria wake walikuwa wamejaa ukumbini wanakula karanga. Dar mpaka Mwanza ni mwendo wa zaidi ya saa nzima hewani, ongeza kushusha, kusafisha, kupakia. Kwa hiyo yule aliyemwambia shangazi nusu saa, alitegemea ndege ipi? Ingeshuka kutoka mbinguni?

Hili ndilo ninalotaka lieleweke, na mengine yote humu ni nyongeza. Ndege kuchelewa si kosa. Kosa ni kujua kwamba itachelewa saa tano, halafu ukamgawia abiria hizo saa tano kwa vipande vya nusu saa. Shirika lina chumba cha watu wanaojua kila ndege iko wapi, ina hitilafu gani, rubani yupi amebakiza saa ngapi za kufanya kazi kabla sheria haijamlazimisha kupumzika. Wanajua. Mtu ukimwambia ukweli saa tatu asubuhi, anafanya mambo yake: anarudi nyumbani, anarudisha samaki kwenye friza, anapiga simu boti wamhamishie ya jioni, anatafuta shirika jingine lenye nafasi, au anasema nipeni hela yangu niondoke. Ukimwambia nusu saa, hawezi kufanya hata moja. Hawezi hata kwenda chooni kwa amani. Amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi, na kamba anairefusha mwenyewe kwa sababu kila mara anaamini kwamba hii sasa ndiyo ya mwisho.

Mimi nina wasiwasi kwamba ndivyo inavyotakiwa. Abiria aliyeambiwa saa tano anaanza kuuliza habari za chakula na marejesho. Aliyeambiwa nusu saa anakaa kimya anangoja. Nikikosea nisamehewe, ila mpaka mtu wa shirika anieleze sababu nyingine, hii ndiyo ninayoiamini.

Ndege iliruka saa tisa na ushee. Ikatua saa kumi na nusu. Boti ya mwisho ya mwendo kasi ilikuwa imeshang'oa nanga, na hata ingekuwepo, kutoka Kipawa mpaka feri jioni ile, upite Jet, Vingunguti, Tazara, Kamata, na ujenzi wa mwendokasi katikati ya barabara, ni safari ya pili kamili.

Na hapo ndipo shirika linapojitoa. Kwao safari imeisha matairi yalipogusa lami. Kitabuni kwao shangazi amefika, amechelewa, wameomba radhi, faili limefungwa. Kitabuni kwa shangazi bado hajafika popote. Yuko Dar, anapotakiwa kuwa Unguja, tiketi ya boti imelala, barafu imekuwa maji, boksi limelowa upande mmoja na solotepu ndiyo peke yake inayolishikilia, na watu kwenye mkanda wa mizigo wanaanza kunusa huku na huku. Dereva wetu wa siku zote, aliyekuja saa nne asubuhi na Noah yake, alishaniambia tangu saa saba, "Dada, mimi nakuheshimu sana, lakini nina watoto wa shule wa kuwachukua Tabata." Nikampa hela ya kusubiri kwake, akaenda. Angefanyaje?

Tukabaki na madereva wa mtandao. Mnaijua ile simu. Unaita gari, dereva anapokea, sekunde tano anapiga: "Uko wapi? Unaenda wapi? Unalipa keshi au kadi?" Ukitamka kadi, kimya, halafu safari imefutwa. Anayefuata anataka utembee mpaka nje ya geti ili yeye asilipie maegesho. Utembee, na bibi wa miaka yake, na boksi linalodondosha maji ya samaki. Wa tatu alikuja, akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akasema, "Hilo haliingii kwenye gari yangu." Simlaumu sana huyo wa tatu.

Tunajengewa viwanja vizuri, sikatai. Jengo la Tatu pale uwanja wa Dar, JNIA, lilifunguliwa Agosti 2019 na lina uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Nikipita na mgeni huwa najisikia vizuri. Ila ukishatoka mlangoni, unarudi kwenye Tanzania ya kubembelezana bei. Treni ya SGR inapita Pugu kwenda Dodoma, na ukitaka kuiwahi kutoka uwanjani bado unategemea foleni na huruma ya bodaboda.

Najua mtaniambia hali ya hewa. Sawa. Kwenye hali ya hewa mimi nanyamaza, na ninyi nyamazeni. Wote tunaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoingia ziwani Bukoba na watu 19 wakafa, wavuvi ndio waliowahi kwanza. Rubani akisema sitoki, asitoke, hata kama nimekosa harusi yangu mwenyewe. Najua pia habari za injini: 2022 na 2023 zile Airbus A220 za Air Tanzania zililazwa chini kwa matatizo ya injini yaliyokumba mashirika ya nchi nyingi, na fundi wa Dar hana cha kufanya kiwanda cha Marekani kikichelewa kuleta mbadala. Na najua ndege moja inazunguka mikoa mitatu minne kwa siku, ya asubuhi ikichelewa zote za mchana zinaburutwa. Yote hayo nayakubali, kwa shingo upande, lakini nayakubali. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomzuia mtu kusema, "Ndege yenu haitakuja kabla ya saa nane, nendeni mkale."

Tena kwa mikoa ambayo uwanja haupokei ndege giza likiingia, mchezo huu ni mbaya zaidi. Huko ikifika jioni, nusu saa inageuka kuwa kesho. Na wewe umeshatoa chumba, umeshamlipa aliyekuleta, na gesti za karibu zimeshapandisha bei kwa sababu habari imewafikia kabla yako.

Ulaya walishachoka zamani. Wana kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004: ndege ya safari isiyozidi kilomita 1,500, na Mwanza mpaka Dar ingeingia humo, ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, abiria analipwa euro 250. Lakini hela siyo iliyonivutia. Kilichonivutia ni kifungu kinachosema shirika likikulaza hotelini linalipia pia usafiri wa kukupeleka na kukurudisha, na likikushusha uwanja mwingine wa mji ule ule, gharama ya kukufikisha ulikokuwa umekata ni yao. Kuna mtu alikaa akawaza kwamba abiria ana miguu, ana mizigo, na kuna barabara kati ya uwanja na anakokwenda! Hebu fikiria ungetua uwanja wa Kilimanjaro, KIA, badala ya ule wa Arusha na shirika likakwambia gari liko nje, limeshalipiwa. Mimi ningelia machozi.

Kwa safari za nje ya nchi na sisi tuna pa kushika. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unalibana shirika la ndege kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, mpaka lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya maana kuizuia, na una miaka 2 ya kudai. Hasara inadaiwa kwa risiti. Ile karatasi ya teksi unayoitupa ndiyo kesi yako.

Mpaka huko mbele, haya ndiyo tunayofanya nyumbani kwetu sasa, myachukue mkitaka. Dereva haondoki kwake mpaka ndege iruke. Kutoka Mwanza muda wa angani unamtosha hata akiwa Mbagala. Abiria akipigwa nusu saa ya kwanza, mmoja wetu anafungua Flightradar24 kutafuta ndege yenyewe iko wapi, maana ndege haidanganyi. Tunakata ile ya alfajiri kama ipo, iliyolala pale pale, kwa kuwa haijapata muda wa kucheleweshwa na mtu. Boti na ndege ya mchana havikai siku moja. Dawa za presha zinakaa kwenye pochi, kamwe si kwenye begi la chini. Na tiketi za ndege mbili zikikatwa mbali mbali, hata kama ni za bei rahisi, mjue ya kwanza ikichelewa ya pili haiwasubiri: mmeachwa, mmekatwa, mnanunua upya. Zikiwa kwenye tiketi moja, kukufikisha ni mzigo wao.

Wenzetu Wakenya, Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi, JKIA, walipogoma kupinga ule mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, aliyekuwa anakwenda Mombasa angalau aliweza kuigeukia reli pale Syokimau. Sisi wa Mwanza tunageukia nini, mabasi? Tangu 2023 yameruhusiwa kutembea usiku, asanteni, lakini mwanamke wa umri ule na usiku mzima wa Singida na Dodoma, hapana.

Shangazi alilala kwangu. Sato tuliwanunulia barafu nyingine, nusu wakaokoka, nusu tukawakaanga usiku ule ule, na alikula huku akiniambia kwamba vijana wa kaunta Mwanza wana adabu sana, walimletea kiti. Wana adabu, kweli. Sijawahi kukutana na uongo wenye adabu kama ule.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wana baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa anga, lipo kwa ajili ya malalamiko kama haya, na nadhani wengi wetu hatujawahi hata kulitumia. Mimi nimeshawaandikia. Sikuomba euro 250. Nimeomba shirika lilazimike kutangaza ndege inayosubiriwa iko kiwanja gani wakati huo, na likiongeza muda mara ya pili, abiria awe na haki ya kuondoka na hela yake yote bila kujaza fomu. Andikeni na ninyi, mkiambatanisha meseji zenu zote za dakika 30, moja baada ya nyingine, na saa zilipoingia. Yule binti wa kaunta mwacheni, na yeye anaambiwa nusu saa kama sisi.