Wawindaji wakipungua Marekani, nani atalipia wanyamapori?

Kila vuli ikifika Marekani ugomvi ni uleule, hawa wanakata leseni za kulungu na bata, wale wanauliza mtu anayeua mnyama anajiitaje mhifadhi. Swali lao nalielewa kabisa ila linaruka jambo kubwa, pesa.

Tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson, bunduki ndefu na risasi zinatozwa kodi asilimia 11, hela inaenda idara za wanyamapori za majimbo, na jimbo likipeleka ada za leseni za uwindaji kwingine halipati kitu. 1950 ikafuata ya vifaa vya uvuvi. Mwindaji wa bata naye lazima awe na stempu ya dola 25 ambayo ni kama kibali, ikiwa ya karatasi anaisaini kwa wino juu yake, na karibu hela yote inanunua na kulinda maeneo oevu ambako hata chura na ndege wasiowindwa wanapata pa kuishi. Hilo huwezi kulipuuza.

Lakini wanaopinga nao wana hoja nzito jamani. Mwindaji akishampasua kulungu anaacha matumbo palepale porini, mle ndani kuna vipande vidogo vya madini ya risasi, kondori, ndege mkubwa anayekula mizoga, anakuja anakula anakufa kwa sumu, ndo maana California ikapiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote 2019. Halafu idara inayolishwa na leseni za kulungu itamfikiria kulungu kwanza, konokono wa mtoni anayekaribia kwisha atasubiri sana.

Na kuzuia peke yake hakutoshi. California walifunga uvuvi wa samoni baharini 2023 na 2024, ndoano zikakaa ila mabwawa na ukame vilikuwa vimeshaiumiza mito.

Kinachonitia hofu ni kwamba wawindaji walikuwa kama milioni 17 mwaka 1982, kufika 2016 ni kama milioni 11 na nusu, na anayeshangilia hilo mara nyingi hachangii kitu. Muswada wa kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kwa wanyamapori ulipita bunge la wawakilishi 2022, Seneti haukupita. Kwangu mimi wapiga picha, wapanda milima na watazama ndege wachangie pia, hata kwa kodi ndogo kwenye mahema na darubini, na wakichangia wapewe viti kwenye tume zinazopanga misimu ya kuwinda, maana bila hivyo bajeti itaendelea kumfuata kulungu.