Marufuku Kutaja Kuvuja

Jioni ile nyumba yetu ilikuwa imeingia wiki ya sita ya kazi niliyoitangaza mwenyewe, kifua mbele, kuwa ni "marekebisho ya siku mbili". Ukuta wa sebule ulikuwa na rangi mpya mpaka pale mkono wangu ulipoishia bila ngazi. Bafuni vigae vilikuwa vimebanduliwa vyote, vimerudishwa vinne. Halafu bomba la sinki la jikoni: nililifungua na kulifunga mara tatu, na kila mara lilirudi kudondosha maji kwa kasi zaidi, kama limechukia kuguswa.

Mke wangu akaweka msasa chini. "Bwana wee, tutoke humu kabla hatujatoana roho."

Tuna boti dogo la faiba, lenye injini ya kufunga nyuma, ambalo siku zote hukaa juu ya trela likituangalia. Tukalivuta hadi ziwani. Njiani nikatoa sheria, na naomba ieleweke kwamba ilikuwa yangu: huko majini hakuna kutaja nyumba. Hakuna rangi, hakuna vigae, hakuna misumari, na hasa hakuna neno "kuvuja". Atakayeteleza ataosha brashi zote peke yake.

Kabla ya kuondoka nilikagua kila kitu kama nahodha wa meli ya abiria. Majaketi ya kuokolea, tumevaa. Makasia, yapo. Mafuta, tochi, tayari. Hata ile kamba fupi ya kuzimia injini, ambayo nahodha akidondoka majini huchomoka na kuizima, nilijifunga mkononi mwenyewe. Mke wangu alivutiwa. Nilimwona.

Sasa, boti za namna hii huwa na tundu dogo chini kabisa upande wa tezi, yaani nyuma. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua boti likiwa nchi kavu, na kabla ya kuingia ziwani unaliziba kwa kizibo. Ukisahau, hutajua mara moja, maana boti likikimbia maji ya ndani hufyonzwa nje kupitia tundu lile lile. Unaweza kwenda mwendo mrefu, miguu mikavu, ukijiona baharia. Mambo huharibika ukisimama.

Nasi tukasimama. Katikati ya ziwa, jua likiwa limebakiza ukucha, nikazima injini ili tusikilize utulivu. Utulivu ulikuwa na kisauti ndani yake. Glu. Glu. Glu.

"Sauti ya maji inaliwaza," nikasema, nikafumba macho.

Baada ya muda nikamsikia akijikohoza. "Nina jambo la kusema, ila silisemi."

"Kwa nini?"

"Ni miongoni mwa yale uliyoyakataza."

"Kama ni la nyumba, liache huko huko."

"Si la nyumba. Lakini neno lake ni lile lile."

Nikafumbua macho. Ndala yangu ya kushoto ilikuwa inapita katikati yetu, taratibu, ikielekea omo, mbele ya boti, kama abiria aliyelipa nauli.

Nikaruka hadi tezini, nikapapasa, nikatia kidole gumba kwenye tundu. Kilienea kikamilifu. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kingine kilichoenea kikamilifu: jana yake nilitaka kuloweka brashi, sinki halikuwa na kizibo, nikaazima cha boti. Kilikaa kama kilipimwa. Nilimwita hata aje akione.

"Si ulinisifu mwenyewe?" nikajitetea.

"Nilikusifu kabla sijajua kimetoka wapi."

Dawa ilikuwa kuwasha injini na kukimbia, maji yatoke yalikoingia. Lakini kuivuta kulitaka mikono yangu yote, na mmoja ulikuwa kazini. Mke wangu akaja akaweka kisigino mahali pa kidole changu. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, mara nane, mara tisa, huku nikiitaja injini kwa majina ambayo sikuwa nimeyapiga marufuku.

"Hiyo kamba inayoning'inia mkononi mwako," akauliza kwa upole, "ni ya nini?"

Ile niliyojifunga kwa madaha. Nilipokurupuka ilichomoka, na injini ile haiwaki bila hiyo. Nikairudisha mahali pake bila kumtazama usoni.

Tundu tuliliziba kwa mkono wa shati langu la kupakia rangi, tulioupota ukawa mgumu kama mti. Mke wangu akaokota kopo tupu chini ya kiti. "Sitaji ni kopo la nini," akasema, akaanza kuyatoa maji. Mabaharia huita kazi hiyo kufua maji. Nyumbani hatujawahi kufua kitu kwa bidii ile.

Tulifika gatini giza limeingia, mimi kifua wazi ndani ya jaketi la kuokolea, na ndala moja. Mzee mmoja alikuwa ameketi akikunja nyavu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Vipi, mmevua?"

"Amevua mzee," mke wangu akajibu. "Shati tu."

Mzee alicheka mpaka akaziachia nyavu. Naye mke wangu akacheka, kicheko cha kwanza kukisikia tangu tuanze ule ukuta, kwa hiyo nikanyamaza, nikaendelea kufunga boti kwenye trela.

Nyumbani alitangulia kuingia. Nikamsikia amesimama ghafla mlangoni mwa jikoni.

Kizibo cha boti, lazima nikisifu, kilifanya kazi yake barabara. Bomba lilidondosha jioni nzima na hakuna hata tone lililopita chini. Sinki lilijaa hadi ukingoni, likafurika, na brashi mbili zilikuwa zinaelea kuelekea sebuleni.

"Nina jambo la kusema," akasema.

"Sema tu. Sheria ilikuwa ya majini."

Akainua kanga, akatazama miguu yake, kisha yangu.

"Basi bado tuko majini."