Mazrui Tumkumbuke kwa Kumbishia

Profesa akifa kwetu, ratiba inajulikana. Wasifu unasomwa, vyeo vinahesabiwa, lazima atokee mmoja wa kusema maktaba imeungua. Arobaini ikipita, vitabu vya marehemu vinabaki na vumbi lake.

Ali Mazrui, msomi wa siasa kutoka Kenya, alifariki Marekani Oktoba 2014. Akarudishwa Mombasa, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus, ngome waliyowahi kuitawala wazee wake. Rambirambi zilikuwa tamu mno. Nilizisoma nikajiuliza: hivi hawa walimsoma kweli?

Maana yule bwana alikuwa mchokozi. Mwaka 1966, Nkrumah wa Ghana hata hajapoa baada ya kupinduliwa, Mazrui aliandika katika jarida la Transition la Kampala kwamba kiongozi huyo alikuwa mfuasi wa Lenin na papo hapo mfalme wa aina ya matsar wa Urusi. Wapenzi wa Nkrumah walichemka. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu Watanzania: akabuni neno Tanzaphilia, maradhi ya wasomi wa Magharibi kuipenda Tanzania mpaka wanafumba macho.

Mimi ni Mtanzania, neno lile lilinichoma. Lilinirudisha kwenye Azimio la Arusha nilisome upya, safari hii bila kukariri kwa ajili ya mtihani. Na bado nasema alikosea mahali: yeye aliwatazama zaidi wageni waliovutiwa na Mwalimu, akampita mkulima aliyekuwa na sababu zake mwenyewe za kutumaini. Ningempa nini anijibu!

Kubwa zaidi lilikuja 1994, Somalia imesambaratika na Rwanda imelowa damu. Mazrui akapendekeza nchi zilizoporomoka zitawaliwe upya kwa muda, Waafrika wenyewe wakiwa miongoni mwa wasimamizi. Msomi mwenzake Archie Mafeje wa Afrika Kusini akamvaa bila kumung'unya maneno. Mazrui naye akajibu. Wote wawili sasa ni marehemu, na sijui kozi ngapi vyuoni kwetu zinawapa wanafunzi majibizano yale wayasome pande zote mbili. Tunawapa jina la profesa kwenye slaidi, na tarehe yake ya kuzaliwa. (Slaidi yenyewe mara nyingi imenakiliwa.)

Nasikia sauti: marehemu hasemwi vibaya. Sawa, lakini kupinga hoja ya mtu si kumsema vibaya.

Yeye mwenyewe aliliishi hilo. Mwaka 1970 alipambana kwa hoja pale Makerere na Walter Rodney, yule Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja mliberali, mwingine Mmarx, hawakupatana. Juni 1980 Rodney aliuawa kwa bomu ndani ya gari mjini Georgetown, ana miaka 38. Miaka kumi na saba baadaye Chuo Kikuu cha Guyana, katika mji uleule, kilikuwa na kiti cha uprofesa chenye jina la Rodney. Aliyekikalia 1997 ni Mazrui.